Breki za mashindano kwenye gari la familia: Mambo ya kujua kabla kijana hajafungua tairi

Mwanza. Mkazi wa Mabatini hahitaji kuelezwa umuhimu wa breki. Kata hii ya Wilaya ya Nyamagana imepanda juu ya miteremko na miamba, na gari linalotoka nyumba za juu kuelekea Barabara ya Nyerere halina budi kushuka. Mzazi anayewapeleka watoto shule asubuhi anaitegemea breki kuliko kifaa kingine chochote, ingawa mara nyingi huikumbuka siku inapoanza kulia.

Kijana wa nyumba hiyohiyo anaitazama breki kwa jicho jingine. Kwenye simu yake ameona Altezza, Mark II na Subaru Impreza zilizofungwa diski kubwa zenye matundu na kalipa zenye rangi inayoonekana hadi nje ya rimu. Ana ndoto ya kupeleka gari kwenye uwanja wa mashindano, au walau kwenye barabara iliyofungwa kisheria kwa ajili ya mbio. Ameambiwa kwamba kabla ya kuongeza nguvu ya injini lazima aongeze uwezo wa kusimama.

Ushauri huo ni sahihi. Tatizo ni kwamba gari analotaka kulifungua tairi mara nyingi ndilo litakalobeba wadogo zake Jumatatu asubuhi. Breki nzuri kwa mbio inaweza kuwa breki mbaya kwa safari ya shule, na kazi yenyewe ya kubadili breki ina vumbi na kemikali ambazo mtoto hapaswi kuzikaribia. Kwa hiyo hili ni suala la familia nzima, na mzazi asiyejua spana anahitaji kulielewa ili aweze kuuliza maswali yanayofaa.

Breki ni kazi ya joto

Gari linapokwenda lina nishati. Dereva anapokanyaga breki, nishati hiyo haipotei hewani. Pedi zinabana diski, msuguano unatokea, na mwendo wote unageuka kuwa joto. Breki ni jiko linalowaka kila gari linapopunguza mwendo.

Ukubwa wa joto hilo hutegemea uzito wa gari na zaidi mwendo wake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Gari la kilo 1,300 likisimama kutoka kilomita 60 kwa saa huzalisha takriban kilojuli 180 za joto. Likisimama kutoka kilomita 120 huzalisha takriban kilojuli 720, kiasi kinachotosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji ya bomba. Kutoka kilomita 160, hesabu hufika karibu kilojuli 1,280.

Mjini, dereva husimama kisha breki hupata muda wa kupoa. Uwanjani hali ni tofauti. Dereva hukanyaga kwa nguvu kabla ya kila kona, huongeza mwendo, kisha hukanyaga tena baada ya sekunde chache, mzunguko baada ya mzunguko. Joto hujikusanya haraka kuliko linavyotoka. Diski ambazo barabarani hubaki chini ya nyuzijoto 200 zinaweza kupita 500 uwanjani.

Wakazi wa maeneo ya milima wana uwanja wao bila kujua. Gari lilelile la kilo 1,300 likishuka mlima wenye kimo cha mita 100 huku dereva akilizuia kwa breki peke yake, breki hizo hubeba takriban kilojuli 1,270. Hiyo ni sawa na kulisimamisha kutoka kilomita 160 kwa saa. Mama anayeshuka mteremko mrefu na watoto wanne na mizigo ya sokoni, mguu ukiwa juu ya breki mwanzo hadi mwisho, anaichosha breki kama dereva wa mbio.

Vitu viwili vinavyokufa kwanza

Breki ikipata joto kupita kiasi hushindwa kwa njia mbili, na dalili zake hazifanani.

Njia ya kwanza ni pedi. Pedi nyingi za matumizi ya kawaida huanza kupoteza uwezo wa kushika zinapopita kati ya nyuzijoto 300 na 400. Dereva anakanyaga, pedeli ni ngumu kama kawaida, lakini gari haliitikii. Harufu kali ya kuungua huingia ndani, na wakati mwingine moshi huonekana kwenye tairi za mbele.

Njia ya pili ni mafuta ya breki, na hii ni hatari zaidi kwa sababu huja ghafla. Nguvu ya mguu husafiri kutoka kwenye masta silinda hadi kwenye kalipa kupitia mafuta. Mafuta hayabonyei, ndiyo maana mfumo hufanya kazi. Joto likiyachemsha, mapovu ya mvuke hutokea, na mvuke hubonyea. Pedeli inazama hadi chini na gari linaendelea na safari.

Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani, na kila yanavyonyonya ndivyo kiwango chake cha kuchemka kinavyoshuka. Kwa mujibu wa viwango vya kimataifa, mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya lazima yavumilie angalau nyuzijoto 205, lakini yakishaingia unyevu kiwango cha chini ni 140. DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155. DOT 5.1 huanza na 260 na kushuka hadi 180. Mafuta maalumu ya mbio hupita nyuzijoto 300 yakiwa mapya.

Kwa maana hiyo, gari ambalo halijabadilishwa mafuta ya breki kwa miaka mitano, katika mji ulio kando ya ziwa, linaweza kuwa na mafuta dhaifu hata kama chombo chake kimejaa. Kujaza kwa juu hakuondoi maji yaliyokwisha kuingia.

Mbio zinafanyika wapi?

Afrika Mashariki imelelewa na mbio za vumbi. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, na msoma ramani wake Chris Rothwell waliyashinda mwaka 1966 na 1967 wakiwa na Peugeot 404. Mwaka 2021 Safari ilirejea kwenye ubingwa wa dunia, makao yake yakiwa Naivasha nchini Kenya.

Mbio za lami, ambazo ndizo zinazozitesa breki zaidi, zina mashabiki wengi vijana. Huko Kiambu, Kenya, barabara hufungwa na magari hushindania muda. Afrika Kusini kuna uwanja wa Kyalami, karibu na Johannesburg, uliowahi kuandaa mashindano ya Formula One.

Mwaka uleule wa 1953, breki za diski zilithibitisha thamani yake kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Gari la Jaguar lililofungwa diski za Dunlop lilishinda. Kabla ya hapo magari mengi yalitumia breki za ngoma, ambazo hufungia joto ndani. Diski ipo wazi, upepo unaipoza, na dereva wa Jaguar aliweza kuchelewa kukanyaga breki kuliko wapinzani wake. Teknolojia hiyo leo ipo kwenye karibu kila gari dogo linalopita Mabatini, angalau kwenye tairi za mbele.

Kijana aanze wapi?

Kosa la kawaida ni kuanza na kinachoonekana. Kijana hujinyima, hukopa na kununua kalipa kubwa, kisha huzifunga kwenye gari lenye mafuta ya zamani na tairi zilizoisha. Utaratibu unaokubalika kwa wanaotayarisha magari ya uwanjani huanza na vitu vya bei ya chini.

Cha kwanza ni tairi. Breki husimamisha magurudumu, lakini kinachosimamisha gari ni mshiko wa tairi na barabara. Kama breki za sasa zina nguvu ya kutosha kuifanya ABS ifanye kazi, au kufunga magurudumu kwa gari lisilo na ABS, breki kubwa zaidi hazitafupisha umbali wa kusimama kwa mara ya kwanza. Faida yake ni kwamba mara ya 10 na ya 20 zitasimama kama mara ya kwanza. Mzazi akielewa hili atajua kwamba breki za gharama hazilipi gari la familia usalama wa ziada kwenye safari ya kawaida.

Cha pili ni mafuta. Kutoa mafuta yote ya zamani, kuweka mapya ya DOT 4 yenye ubora au ya mbio, na kutoa hewa kwenye magurudumu yote manne ni kazi ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo inayozuia pedeli kuzama.

Cha tatu ni pedi zinazohimili joto. Zikifungwa, zinahitaji kuzoeshwa na diski kwa kupunguza mwendo mara kadhaa bila kusimama kabisa, kisha kuachwa zipoe. Fundi anayefunga pedi mpya na kumkabidhi mteja papo hapo bila kuzizoesha hajamaliza kazi.

Cha nne ni mipira ya breki. Mpira wa kawaida ukizeeka hutanuka kidogo kila mguu unapokanyaga. Mipira iliyofumwa kwa nyaya za chuma hufanya pedeli iwe imara.

Cha tano ni hewa. Mabomba yanayoleta upepo kutoka mbele ya gari hadi kwenye diski husaidia sana, na wengine huanza kwa kuondoa tu kizuizi cha bati nyuma ya diski. Hata hivyo kwa gari linalopita kwenye tope na kokoto, bati hilo lina kazi yake.

Cha mwisho ni diski kubwa na kalipa kubwa. Hapa ndipo fedha nyingi huondoka na ndipo makosa hutokea. Diski pana huenda isiingie kwenye rimu za zamani. Kalipa kubwa za mbele bila hesabu ya nyuma huvuruga uwiano wa gari, na ABS iliyotengenezwa kwa mfumo wa awali inaweza isifanye kazi inavyopaswa. Diski zilizotobolewa matundu, ambazo vijana huzipenda kwa mwonekano, huweza kupata nyufa kuanzia kwenye matundu hayo zikipata joto la uwanjani mara kwa mara. Madereva wengi wa mbio za wikiendi huchagua diski zisizo na matundu.

Mtego wa Jumatatu asubuhi

Pedi za mbio halisi zimetengenezwa kufanya kazi zikiwa moto. Zikiwa baridi, hushika kidogo. Dereva wa mbio anajua hilo na hutumia mzunguko wa kwanza kuzipasha.

Mzazi anayewasha gari saa 12 asubuhi hana mzunguko wa kupasha. Mita 50 kutoka getini kuna mteremko, kuna mwanafunzi anayevuka na kuna bodaboda inayochomoza. Akikanyaga, gari linachelewa. Mtu aliyezoea gari lile kwa miaka mitatu atashangaa, na mshangao huo unaweza kugharimu maisha.

Zaidi ya hayo, pedi za mbio hupiga kelele, hutoa vumbi jingi na hula diski haraka zikitumika mjini. Kuna pedi za kati ambazo hushika vizuri zikiwa baridi na bado huvumilia joto kuliko za kawaida. Kwa gari linalotumika nyumbani, hizo ndizo za kufikiriwa. Anayetaka pedi za mbio kamili azifunge siku ya mbio, azitoe kabla gari halijarudi kwenye kazi ya familia, na mtu mzima alijaribu gari bila abiria.

Kila anayeliendesha gari hilo lazima aambiwe. Mabadiliko ya breki yasiyotangazwa nyumbani ni sawa na kubadilisha ngazi ya nyumba usiku bila kumwambia anayeshuka gizani.

Vumbi linaloingia nyumbani

Ukifungua gurudumu la gari lililotumika muda mrefu, utakuta vumbi jeusi. Mafundi wengi hulipuliza kwa kompresa au kwa mdomo. Kiafya, hilo ndilo jambo baya zaidi wanaloweza kufanya.

Vumbi la breki lina chembe za chuma, shaba na viambato vingine vidogo vinavyoweza kufika ndani ya mapafu. Hatari kubwa ni asbesto, nyuzi za madini zilizotumika kwa miongo mingi kwenye pedi na viatu vya breki kwa sababu hazichomeki kirahisi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema aina zote za asbesto husababisha saratani, ikiwamo ya mapafu na ya utando unaozunguka mapafu. Ugonjwa huweza kujitokeza miongo kadhaa baada ya mtu kuvuta nyuzi hizo.

Umoja wa Ulaya ulikamilisha marufuku yake mwaka 2005. Marekani ilitoa kanuni ya kupiga marufuku aina ya asbesto iliyokuwa bado inatumika, zikiwamo breki za spea, Machi 2024. Lakini gari kuukuu na spea isiyojulikana ilikotoka havina lebo ya kuaminika, na asbesto haionekani kwa macho. Busara ni kulichukulia vumbi lolote la breki kama lenye sumu.

Kwa familia, kinga ni rahisi. Vumbi lilowanishwe kwa maji na kufutwa kwa kitambaa chenye unyevu, si kupulizwa wala kufagiwa likiwa kavu. Watoto wasicheze karibu na gari linalofunguliwa breki. Baba au kaka anayefanya kazi gereji avue nguo za kazi kabla ya kumbeba mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Tafiti za miaka mingi zimeonyesha kwamba wanafamilia wa wafanyakazi wa asbesto waliugua kutokana na nyuzi zilizoletwa nyumbani kwenye nguo.

Chupa ya soda yenye mafuta ya breki

Kuna hatari nyingine ambayo haisubiri miaka 30. Mafuta ya breki yanayobaki baada ya kazi mara nyingi humiminwa kwenye chupa ya maji au soda na kuwekwa pembeni. Mafuta hayo mapya yana rangi ya asali nyepesi. Mtoto wa miaka mitatu huona kinywaji.

Mafuta ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 yametengenezwa kwa kemikali za jamii ya glaikoli. Yakimezwa yanaweza kumfanya mtoto alegee kama mlevi, atapike na kupumua kwa shida, na mengine huharibu figo. Mtoto anaweza kuonekana mzima saa za mwanzo huku sumu ikiendelea na kazi.

Mzazi akihisi mtoto ameonja mafuta hayo, asimtapishe kwa nguvu na asimpe maziwa au mafuta ya kula akidhani yanaondoa sumu. Amwahishe kituo cha afya mara moja akiwa na chupa au kopo lenyewe ili daktari ajue kilichomezwa. Yakiingia machoni, yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 15 wakati safari ya hospitali ikiandaliwa.

Mafuta yanayobaki yakae kwenye kopo lake la asili, lifungwe vizuri na liwekwe juu, mbali na watoto. Kopo lililofunguliwa muda mrefu halifai tena kwa breki kwa sababu limekwisha kunyonya unyevu, hivyo hakuna sababu ya kulitunza.

Diski nayo huunguza. Gari likirudi kutoka mbioni au likishuka mlima mrefu, chuma kilicho nyuma ya rimu huwa cha moto kwa muda mrefu, na rimu zenye nafasi kubwa huruhusu kidole kidogo kupenya. Mtoto akiungua, sehemu hiyo iwekwe kwenye maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, asali, mafuta na majivu visipakwe.

Kuzungumza na kijana bila kumfukuza

Majeraha ya barabarani ndiyo chanzo kikuu cha vifo duniani kwa watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29, kwa mujibu wa WHO. Shirika hilo linakadiria watu milioni 1.19 hufariki kila mwaka kwa ajali hizo. Mzazi anayeogopa gari la mwanawe ana sababu.

Hata hivyo, kukataza tu kuna gharama yake. Kijana aliyekatazwa nyumbani hufunga spea gerejini kwa siri, na mzazi hujua siku gari linapolia. Sayansi ya ukuaji inaeleza kwamba sehemu ya ubongo inayopima matokeo ya vitendo huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya 20, na kwamba dereva kijana hujihatarisha zaidi akiwa na wenzake ndani ya gari. Kwa hiyo mazungumzo yanayohusu nani atapanda, wapi na lini yana faida kuliko mabishano kuhusu kama kijana anajua kuendesha au la.

Makubaliano machache yanatosha. Mwendo wa mbio ubaki kwenye eneo lililofungwa na kusimamiwa, lenye gari la wagonjwa. Barabara ya mtaani, hata ikiwa tupu saa nane usiku, ni barabara ya mtaani, na sheria inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Watoto wasipande siku ya majaribio. Kazi ya breki ikaguliwe na fundi wa pili kabla gari halijatembea. Gari likitoka mbioni, lizungushwe taratibu kwanza ili breki zipoe, na breki ya mkono isivutwe diski zikiwa moto.

Kijana akumbushwe pia kwamba breki hazifupishi muda wa kufikiri. Dereva anayehitaji sekunde moja kutambua hatari atakuwa amesogea karibu mita 14 akiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, na karibu mita 28 akiwa kwenye kilomita 100, kabla mguu haujagusa pedeli. Simu mkononi huongeza mita hizo, na hakuna kalipa inayozirudisha.

Spea nazo zizungumzwe. Pedi bandia zenye boksi la jina kubwa zipo sokoni. Bei ya chini kupita kiasi, maandishi yaliyokosewa kwenye boksi na pedi inayomeguka kwa kucha ni dalili za kutosha kuirudisha dukani. Kalipa za mtumba zinaweza kuwa nzuri, lakini zifunguliwe, mipira yake ya ndani ibadilishwe na pistoni zikaguliwe kutu kabla ya kufungwa.

Kwa gari lisilo na ndoto za mbio

Familia nyingi hazitakwenda uwanjani. Zitakwenda shule, kanisani, msikitini, hospitali ya Bugando, na mwisho wa mwaka zitasafiri kwenda Dodoma au Dar es Salaam zikipita mteremko wa Sekenke, mkoani Singida. Kwa safari hizo, somo la uwanjani linabaki lilelile: epuka joto kupita kiasi.

Kabla ya mteremko mrefu, punguza mwendo ukiwa bado juu na uweke gia ndogo ili injini ishike gari. Kwenye gari la otomatiki tumia L, 2 au S. Usishuke ukiwa umeweka nyutro kwa lengo la kuokoa mafuta. Kanyaga breki kwa nguvu ya wastani, achia, kisha rudia, badala ya kuigusa muda wote.

Nyumbani, mzazi anaweza kukagua yafuatayo bila kuwa fundi:

• Mafuta ya breki yawe kati ya alama mbili za chombo chake. Yakishuka ghafla, kuna mahali yanavuja. Yakiwa meusi, yabadilishwe. Miaka miwili ni muda unaopendekezwa kwa magari mengi.

• Pedeli iwe imara. Ikizama taratibu mguu ukiwa juu yake, au ikihitaji kupampu, gari lisitembee.

• Pedi zikibaki na unene wa milimita 3, zibadilishwe. Mlio wa chuma kwa chuma maana yake zimekwisha.

• Gari likivuta upande mmoja wakati wa kusimama, au usukani ukitetemeka, lipelekwe kwa fundi.

• Taa ya breki kwenye dashibodi isizoeleke. Ikiwaka baada ya kuachia breki ya mkono, simama ukague.

Breki zikifeli safarini, ondoa mguu kwenye moto na pampu pedeli haraka, maana wakati mwingine mgandamizo hurudi. Shusha gia moja baada ya nyingine. Vuta breki ya mkono kidogo kidogo, si kwa mara moja. Washa taa za hatari, piga honi, na usizime injini kwa sababu usukani utakuwa mzito. Kama hakuna njia nyingine, kuligusisha gari kwenye ukingo wa udongo au vichaka ni afadhali kuliko kuliacha lifike kwenye makutano yenye watu.

Wale wenye gari la shule la kukodi wana haki ya kuuliza maswali haya kwa mmiliki: mafuta ya breki yalibadilishwa lini, pedi zimefungwa na nani, na gari hubeba watoto wangapi kila safari. Uzito wa kila mtoto anayeongezwa nje ya idadi ya viti unabebwa na pedi zilezile. Mmiliki makini atajibu bila kukasirika, na asiyeweza kujibu amemsaidia mzazi kufanya uamuzi.